Kuti Kwanza, Nazi Baadaye

Mimi si mtu wa kuamini upesi, na nalisema mapema asije mtu akanisemea. Muuza maziwa akija, maziwa nayaonja mbele yake huku namtazama usoni. Mtu akinisalimia mara mbili kwa asubuhi moja, najiuliza ana haja gani. Marehemu mume wangu akipenda kusema, "Mwanamkasi, wewe hata kivuli chako wakigeukia." Nami namjibu, "Nakigeukia kwa kuwa chanifuata." Basi mtu kama mimi akisema ameona jambo kwa macho yake, Magogoni nzima huliamini, maana wajua siokoti maneno njiani. Ndiyo sababu Mahfudh nusura aende jela kwa ulimi wangu.

Mahfudh ni mkwezi. Tangu niolewe nyumba hii, miaka thelathini sasa, yeye yu juu ya minazi ya watu. Ni mwembamba, nyayo zake pana, ngozi ya kifua imekuwa ngumu kwa kusuguana na magogo. Hapandi bila kusema bismillahi na kuupiga mnazi makofi mawili, halafu huyo, kidato kwa kidato, panga kiunoni, mpaka humwoni. Hasemi sana. Na mtu asiyesema sana mimi humshuku zaidi, maana hujui maneno yake ameyaweka wapi.

Kila mkwezi ana lake. Wengine hupiga ukelele wakitaka kuangusha. Mahfudh hapigi ukelele. Akifika juu, jambo la kwanza hung'oa kuti kavu moja akaliachia. Kuti likilala chini ya mnazi, kila mtu ajua kuwa nazi zaja, usipite. Na kama hakuna kuti, pita na ndoo yako kichwani bila wasiwasi. Hilo kalirithi kwa babake, aliyekuwa akisema, "Sauti huchukuliwa na upepo, kuti hutua." Mtaa mzima umelelewa na lile kuti. Hata mtoto wa miaka mitatu, kabla hajakanyaga kivuli cha mnazi, hutazama chini kwanza.

Sasa, jirani yangu ni Ukasha, na uani kwake palikuwa na minazi tisa. Mwaka huu akaamua kuikata yote ajenge vyumba vya kupangisha. Kiwanja ni chake, haki ni yake. Lakini minazi ile, mtu wa kuipanda kwa mikono yake alikuwa babake Mahfudh, alipokuwa kibarua kwa babu yake Ukasha. Siku moja penye kahawa, watu wamejaa, Mahfudh akamwomba abakishe japo mmoja. Ukasha akacheka. "Minazi ni yangu. Nikitaka naichoma."

Mahfudh akaweka kikombe chini, kahawa hajainywa. "Minazi hii iko siku itakujibu, Ukasha."

Akaenda zake. Mimi nilikuwa napita na sinia langu la mahamri, nikalisikia neno lile wazi kabisa. Mtu kimya akisema neno kama lile, mimi nalifunga fundo penye pembe ya leso, nangoja.

Sikungoja sana. Jumamosi iliyofuata Ukasha alimwita Mahfudh aangue nazi za mwisho kabla ya msumeno kuja. Mimi nilikuwa juu, dirishani kwangu, nakunja nguo. Kutoka pale uani kwa Ukasha naona pote, mchanga wote na magogo ya minazi mpaka katikati. Juu zaidi sioni, bati la kivuli juu ya dirisha lanikata. Niliona nyayo za Mahfudh zikipanda, zikapotea juu ya bati. Punde Ukasha akatoka stoo na futi yake ya kupimia msingi. Akatazama chini ya mnazi, kama tunavyofanya sote. Kuti hakuna. Akapita.

Pu! Nazi ikampiga begani. Akaketi mchangani kama gunia. Halafu, wallahi, ndipo kuti likaja. Likaja polepole, lajizungusha, lapepesuka huku na huku, likalala kando yake.

Sikupiga kelele mara moja, na hilo najua ni aibu yangu. Nilihesabu kwanza. Nazi, halafu kuti. Nikasema moyoni, ahaa.

Nilipofika chini watu walikuwa wamekwisha kumzunguka Ukasha, mtulinga, ule mfupa wa juu ya bega, umevunjika, uso umempauka. Mahfudh aliteremka mbio hata akajichuna kifua. "Nimeangusha kuti! Nimeangusha kuti kwanza!"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mtu hajaulizwa, ajibu nini?

"Mwongo," nikasema, na sikusema kwa sauti ya chini. "Nimeona kwa macho yangu. Nazi imetangulia. Kuti umelitupa baadaye, kujificha nyuma yake."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kufika alasiri, Magogoni yote ilikuwa inajua kwamba Mahfudh ametaka kumuua Ukasha kwa sababu ya minazi, na kwamba shahidi ni Mwanamkasi, na Mwanamkasi haongopi. Ghanim, nduguye Ukasha, mtu wa hasira, alitaka kwenda polisi saa ileile. Aliyemzuia ni Mwalimu Khatibu anayetusalisha. "Ngojeni Ijumaa," alisema. "Baada ya sala tukutane uani kwa Ukasha. Mwanamkasi ashike msahafu, aseme alichokiona. Akishakula yamini, nendeni, mimi sitawazuia."

Basi kufungwa kwa Mahfudh au kubaki kwake nyumbani kukawa kwenye ulimi wangu. Nami sikuona uzito. Niliona sawasawa tu, kwa kuwa nilichokiona nilikiona. Wiki ile hakuna aliyemwita apande. Wanawake wa mtaa waliwavuta watoto wao akipita, mtu aliyewaangulia nazi za maulidi na za arusi zao zote. Nami nikisikia hayo nilikuwa natikisa kichwa na kusema, "Lisemwalo lipo."

Jumatatu akaja kwangu. Hakupanda ngazi, alisimama chini.

"Hodi. Asalamu alaykum, Bi Mwanamkasi."

"Waalaykum salaam. Wataka nini?"

"Sitaki kitu. Nakuomba unisikize neno moja. Kuti nililiachia kwanza."

"Mahfudh, mimi ni kipofu?"

"Si kipofu. Ulichokiona umekiona."

"Basi wewe ndiye mwongo."

"Nami sisemi uongo."

"Ebo! Basi mmoja wetu ana wazimu, na mimi leo alfajiri nimekanda unga wa mahamri kilo sita bila kukosea iliki."

Nilidhani atakasirika. Nilitaka akasirike, nipate kuwaambia watu, mwaonaje, huyu ndiye. Lakini alisugua tu mikono yake iliyojaa sugu. "Hata mimi sielewi, Bi Mwanamkasi. Kila nikifumba macho naliona lile kuti likitoka mkononi mwangu. Latoka kwanza. Wallahi latoka kwanza." Akaniaga kwa adabu, akaondoka.

Nikamwambia Salsabil, mke wa mwanangu, anayekaa chumba cha chini, "Umeona anavyojitia unyonge? Hao ndio wa kuogopa." Salsabil akanipa mgongo. Asubuhi ile nilikuwa nimemwambia mbaazi zake zina chumvi, na alikuwa bado amenuna.

Alhamisi, sasa. Naomba mtu asinicheke hapa. Salsabil alikuwa anakwenda kisomoni, amesimama nje mlangoni, amekwisha kuvaa viatu. Akaniita, "Mama! Nitupie leso yangu ya juu na ufunguo wa stoo. Nachelewa!"

Chini ya dirisha langu kuna mtaro, na funguo mbili tayari zimelala humo. Nikamwambia, "Naitupa leso kwanza, itandaze uudake ufunguo." Nikaitupa leso. Nyuma yake, papo hapo, nikautupa ufunguo.

Ufunguo ukampiga mguuni.

"Aaah! Mama! Mbona waanza na ufunguo?"

"Nimeanza na leso!"

"Leso ndiyo kwanza hii yaja!" Na kweli, akiwa asema hivyo leso ikamshukia kichwani, imejitandaza kama mwavuli. Akaitoa usoni, akanitazama. "Mama, sikuvunjii heshima. Lakini nimeona kwa macho yangu. Ufunguo ndio uliotangulia."

Namjua yule binti. Alikuwa afikiri nimempiga makusudi kwa ajili ya zile mbaazi. Niliiona shaka usoni mwake wazi, ileile ya kwangu, yanitazama kutoka chini. Nikawaka. Mimi mwongo? Mimi, Mwanamkasi? Nikafungua mdomo niape kwa Mwenyezi Mungu kuwa leso ilitoka mkononi mwangu kwanza, na hapo hapo nikaufumba. Nikashika ukingo wa dirisha.

"Salsabil," nikasema, "rudisha hiyo leso huku juu. Na ufunguo."

"Mama, kisomo!"

"Kisomo kitangoja. Njoo."

Tukatupa mara nane. Yeye juu mimi chini, mimi juu yeye chini. Majirani walisimama wakitutazama, nadhani walisema mkwe na mkaza mwana wamepandisha mashetani pamoja. Leso ikitupwa kwanza, ufunguo ukifuata papo hapo, ufunguo waipita njiani. Nikangoja kidogo kabla ya kuachia ufunguo, leso ikafika kwanza. Mwisho nikaifunga leso fundo gumu kama ngumi, nikaitupa pamoja na ufunguo. Ziligonga chini sawia, karibu sauti moja.

Nikakaa kitako kwenye ngazi. Leso ni ileile, uzani ni uleule. Ikitandazwa, hewa yaipokea kwa chini na kuizuia. Ikifungwa fundo, hewa haina pa kushika. Na mimi ni mwanamke niliyepepeta mchele tangu sijavaa buibui! Mchele na pumba hurushwa pamoja kutoka kwenye ungo, mchele washuka, pumba zabaki juu zikicheza, upepo wazichukua. Miaka hamsini nimelitazama jambo hilo kila wiki, na sikuliona hata siku moja.

Lakini msidhani nilikwenda kumwangukia Mahfudh miguuni. Mimi ni Mwanamkasi bado. Usiku kucha shaka ilinigeuza upande huu na huu. Kuti si leso. Na kubwa zaidi, kama hewa hulichelewesha kuti, basi ilikuwa ikilichelewesha miaka yote thelathini. Mbona miaka yote hiyo kuti lilifika kwanza, na likachelewa siku moja tu, siku ya kupita mtu aliyegombana naye? Hapo sikupata pa kupita. Ijumaa nilikwenda uani kwa Ukasha nikiwa nimeamini nusu.

Watu walijaa mpaka ukutani. Ukasha alikuwa kitini, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Mahfudh alisimama peke yake, kanzu safi, karibu na ule mnazi. Mwalimu Khatibu akautoa msahafu, akautia mikononi kwa utaratibu, akaniita. "Mwanamkasi."

"Abee, Mwalimu. Kabla sijaushika, niruhusu nimuulize jambo."

Ghanim akaguna. Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Mahfudh," nikasema, "siku zote, ukishaachia kuti, wafanya nini?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. Haki yake. "Nalichomoa panga. Najiweka sawa. Nakata kole, shada zima la nazi."

"Kole hukatika kwa panga moja?"

"Halikatiki. Panga nne, tano."

"Na Jumamosi?"

Akatazama mikono yake, halafu juu, kwenye kilele cha mnazi. Niliona uso wake ukibadilika kidogo kidogo. "Jumamosi panga sikulichomoa," alisema. "Ilikuwako nazi moja imelegea, mbele ya uso wangu. Niliachia kuti, nikaizungusha ile nazi mara moja. Ikatoka. Ikanitoka mkononi."

"Maneno tu hayo!" Ghanim akapiga kelele.

"Na apande," nikasema. "Aonyeshe."

Ukasha akaruka kitini. "Apande tena? Animalizie bega la pili?" Watu wakacheka, lakini walirudi nyuma wote, kila mmoja mgongo ukutani, na kiti cha Ukasha kikabebwa mpaka mlangoni.

Mahfudh akavua kanzu, akabaki na shuka na fulana. Akaupiga mnazi makofi mawili. Alipofika juu aliachia kuti kavu, na kabla hujasema bismillahi akazungusha nazi. Sote tuliinua shingo. Kuti lilitoka kwanza, kila mwenye macho aliliona. Likaanza kuyumba, likajilaza juu ya upepo, likajizungusha. Nazi ikalipita katikati ya safari bila hata kuligusa. Pu! Halafu kimya. Halafu kuti, kwa starehe zake.

Ghanim ndiye aliyepaza sauti, na safari hii haikuwa kali. "Kata kole! Kama kila siku!"

Mahfudh akaachia kuti jingine, akachomoa panga. Tak, tak. Kuti likatua mchangani. Tak, tak, tak. Kole likashuka baadaye kwa kishindo. Basi ndivyo ilivyokuwa miaka thelathini. Kuti lilitangulia kwa kuwa panga lilikawia. Kuti lenyewe halikuwa na mbio hata siku moja, na hakuna aliyejua, si Mahfudh, si babake, si sisi tuliotembea na ndoo zetu tukiliamini.

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwa Ukasha, akachutama mbele ya kiti.

"Na yale maneno ya penye kahawa?" Ukasha akamuuliza.

"Yale niliyasema kwa hasira na nayaonea haya. Nazi sikuitupa kwa hasira. Lakini ni mimi niliyekuvunja, Ukasha, si mwengine. Babangu aliniambia nilisikie kuti likitua. Kwa kuwa siku zote lilikuwa likitua, nikaacha kulisikiliza. Nisamehe."

Ukasha alijikuna ndevu kwa mkono mzima. "Nimekusamehe. Minazi naikata vilevile."

"Ni yako," Mahfudh akasema.

Mwalimu Khatibu akanigeukia. Msahafu alikuwa ameukumbatia kifuani. "Mwanamkasi, haya, ulichokiona ni kipi?"

Sijawahi kuona haya kama siku ile. Macho hayana pazia, na yote yalikuwa yananitazama mimi. "Niliona nazi ikifika kwanza," nikasema. "Mkono wa Mahfudh sikuuona. Bati la dirisha lilinizuia. Yale mengine niliyatia mwenyewe." Nikamgeukia. "Nimekuita mwongo mbele za watu, na mbele za watu nalirudisha. Nisamehe."

Aliinamisha kichwa tu, akaenda kuvaa kanzu yake. Nikajua amenisamehe. Nilidhani nimejua.

Minazi tisa imekatwa, vyumba vimefika kwenye lenta. Mimi nina mnazi mmoja nyuma ya jiko, na kila miezi mitatu Mahfudh huja kuniangulia. Hupanda, huachia kuti, halafu husimama. Panga halisikiki.

"Bi Mwanamkasi!"

"Abee!"

"Kuti limefika?"

Niache karai, niache mahamri kwenye mafuta, nitoke mpaka mlangoni. "Limefika!"

"Umeliona kwa macho yako?"

"Nimeliona, Mahfudh!"

"Na nazi?"

"Bado!"

"Haya, shuhudia." Ndipo panga lianze. Salsabil chumbani kwake hucheka mpaka akakohoa. Nami nilichukulia ni utani, nikasema basi, amenipata, mwacheni astarehe.

Mara iliyopita mafuta yalikuwa yamechemka sana, na wateja wanne wamesimama na sahani zao. Akaita, "Kuti limefika?" Nami palepale nilipo, uso kwenye karai, nikajibu, "Limefika!"

"Umeliona kwa macho yako?"

"Nimeliona!"

Nikangoja panga. Kimya. Nikageuza mahamri, nikayaepua, bado kimya. Mwishowe nikatoka, nimekasirika, mwiko mkononi, nikatazama chini ya mnazi. Mchanga mtupu. Nikainua macho. Kuti lilikuwa limenasa juu ya bati la jiko, juu ya kichwa changu kabisa, na Mahfudh yuko kule kileleni ananitazama, panga bado liko kiunoni.

Siku hizi mahamri yangu huungua kidogo kila akija. Naacha yaungue, natoka.